Uliwahi kumwandikia mwandishi wa riwaya? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu huku Bungoma. Miongozo miwili ya riwaya tunayosoma imenigombanisha na darasa: mmoja unasema mhusika fulani kafa, mwingine katoroka. Nikatafuta baruapepe ya mwandishi, nikamuuliza. Akajibu usiku uleule, mistari mitatu: hakuandika kwamba kafa wala katoroka, yeye mwenyewe hajui, wanafunzi watoe hoja kitabuni. Sawa, lakini mtihani utakuja na "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)", na "hajui" haina alama. Wenzangu mlijibiwaje? Waandishi kama mmo humu, karibuni pia.

Mtoto wa Chumbageni:
Enzi zetu ilikuwa barua ya posta, kupitia sanduku la mchapishaji. Mwalimu alitaka kila dawati litoe swali moja, yote yakatiwa kwenye bahasha ya kaki. Tukasahau. Muhula uliofuata ikaja barua ya taipureta, juu ya kila jibu kanakili swali lenyewe, hata lile la kihuni la dawati letu, kama yule binti wa kwenye riwaya alikuwa mchumba wake. Jibu: muulizeni mke wangu. Swali la kwa nini baba hana jina hakulijibu, alitugeuzia sisi. Tulibishana hadi kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyetoka.

Kalamu Kavu:
Mimi niko upande wa pili, nina riwaya mbili. Ujumbe mwingi huwa hivi: "Shikamoo mwandishi, naomba dhamira, wahusika na mbinu za uandishi, nina jaribio kesho." Hao nawaitikia marahaba, nawatakia jaribio jema, basi.

Wanaonitesa ni walimu, maana wanasoma kweli. Mmoja wa Kahama aliniandikia kurasa nne kuthibitisha kwamba jina la mhusika wangu Sikitu ni la kimajazi, yaani limebeba maana ya hali yake: masikitiko ya mama, masikitiko ya kijiji, mpaka ya nchi. Ukweli ni kwamba Sikitu alikuwa jirani yetu, muuza maandazi, nikalipenda jina. Lakini hoja zake zilisimama, kila moja na ukurasa wake. Nikamwambia yote mawili na kumsihi asifute kitu. Akanijibu kwa hasira kidogo: bora ningekaa na maandazi yangu.

Mama Fasihi:
Huyo mwalimu wa Kahama ana bahati hakumwandikia Flannery O'Connor, yule mwandishi Mmarekani! Mwaka 1961 profesa mmoja wa Kiingereza huko Marekani alimwandikia kwa niaba ya walimu watatu na wanafunzi kama 90. Walikuwa wameijadili wiki nzima hadithi yake "A Good Man Is Hard to Find", ile ya familia inayouawa safarini na mfungwa mtoro. Wakakata shauri kwamba muuaji hakutokea kabisa, ni njozi tu ya baba wa familia hiyo. Kilichowashinda ni kujua ndoto inaanzia wapi. O'Connor akawajibu kwamba tafsiri hiyo iko mbali kabisa na nia yake, na kama ingekuwa sahihi, hadithi ingebaki kiini macho tu. Akamalizia kwamba hakukusudia kuwa mkali, ila alikuwa ameshtuka.

Mie namuunga mkono. Jina la maandazi linaweza kubeba maana ambayo mwandishi hakuipanga. Kuwafufua watu waliouawa ukurasa kwa ukurasa ni kitu kingine.

Kalamu Nyekundu:
Nimesahihisha karatasi ya fasihi. Mwalimu wa Zamu, usipoteze usingizi. Zile alama 4 za muktadha ni msemaji, anayeambiwa, mahali na sababu ya kusema. Kufa au kutoroka hakumo humo. Likija swali la insha, tunatafuta ushahidi kutoka kitabuni, wala hatumpigii mwandishi simu.

Mwalimu wa Zamu:
Ahsante sana Kalamu Nyekundu. Kesho naligawa darasa mara mbili, waliokufa dirishani, waliotoroka mlangoni, na miongozo yote inabaki ofisini.