Ati "hiyo ni nadharia tu, ikikomaa itakuwa sheria"! Nimemchoka huyu mtu

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Yule bwana mnamjua, yule wa "mimi nimesoma sayansi", simtaji. Leo kanidhalilisha mbele ya grupu zima.

Nilisema tu, kwa upole, kwamba kipindupindu huletwa na bakteria. Akajibu: "Hiyo ni nadharia tu. Ikikomaa itakuwa sheria." IKIKOMAA! Kama mtoto anayesubiriwa kuota meno! Bakteria wenyewe wangesikia wangehama.

Nadharia haipandishwi cheo, jamani. Sheria ya Boyle ya mwaka 1662 inasema ukiibana gesi ikabaki nusu ya ujazo wake, na jotoridi lisibadilike, kanieneo, yaani msukumo wake kwenye kuta za chombo, inakuwa mara mbili. Kwa nini? Sheria kimya. Anayejibu ni nadharia ya mwendo wa chembe: chembe zilezile, nafasi nusu, zinagonga kuta mara nyingi zaidi. Nani hapo anasubiri kukomaa?

Halafu watu wakamgongea dole gumba. Admini naye! IKIKOMAA, na admini anagonga dole!

Kimyakimya: Uzi mzima usiku huu kwa ajili ya dole gumba. Pole mkuu, na wewe ukikomaa utazoea.

Mleta uzi: Umetumwa na yeye wewe.

Bi_Hoja: Afadhali wako. Wangu kila akiota kitu asubuhi anasema "nina nadharia". Huna nadharia kaka, hata nadharia tete huna, yaani dhana ya kuanzia, maana hiyo lazima iwe na namna ya kupimwa. Una usingizi.

Chembe07: Mnaongea kama sheria haikosei. Ya Newton ya uvutano, 1687, ilipofika kwa Utaridi ikapwaya: njia ya sayari ile inageuka kwa sekunde 43 za pembe (kila moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kila karne zaidi ya hesabu. Le Verrier, mnajimu wa Ufaransa ambaye hesabu zake ziliwaonyesha watu sayari ya Neptuni mwaka 1846, akaleta nadharia tete kwamba kuna sayari imejificha karibu na Jua. Ikapewa hadi jina, Vulcan. Wakaitafuta weee. Mwaka 1915 Einstein akazieleza hizo 43 bila sayari yoyote ya ziada. Vulcan ikafa, Newton akawekewa mipaka, lakini zile 43 hazikutikisika. Jambo la hakika ndilo hilo, lililopimwa.

Mleta uzi: Asante! Mpelekee yule wa IKIKOMAA.

Bi_Hoja: Na wale wa "imethibitishwa kisayansi" kwenye chupa za mafuta ya nywele? Nani kathibitisha, nywele?

Mzee_wa_Darubini: Afadhali Utaridi bado ni sayari. Pluto imefukuzwa mwaka 2006 kwa KURA. Hiyo ndiyo sayansi mnayoitetea?

Chembe07: Kura ilikuwa ya maana ya sayari, mzee. Pluto iko palepale inazunguka, haina habari.

Mzee_wa_Darubini: Ungefukuzwa wewe ungesema hivyo?

Kimyakimya: Mzee ana hoja.

Mleta uzi: Samahani, uzi wangu ni wa yule bwana. IKIKOMAA?

Mzee_wa_Darubini: Pluto ina miezi mitano. Utaridi haina hata mmoja. Nijibuni hilo kwanza.