Nimetia unga wa shaba kwenye resini, umeme haupiti na kibao kinakatika. Nimekosea wapi?

Chembechembe:
Wakuu, habari za muda huu. Natengeneza vibao vya epoksi (resini inayoganda ikichanganywa na kigumishi) vya kuwekea saketi wakati wa kulehemu. Nataka umeme tuli usijikusanye juu yake, na kibao kibebe uzito bila kupasuka. Nimechanganya gramu 30 za unga wa shaba na gramu 70 za resini pamoja na kigumishi, nikamimina kwenye kalibu, kikakauka vizuri. Nikigusisha maltimita juu yake, sindano haitikisiki. Nikikikunja kidogo kinakatika, wakati kibao cha resini tupu hupinda kwanza. Asilimia 30 ya shaba si haba jamani! Nimerudia mara 3, roho inauma. Naombeni ushauri.

Nondo:
Ongeza unga mkuu, fika 60.

FundiKalibu:
Nondo, akifanya hivyo mchanganyiko utakuwa mzito zaidi kumimina. Chembechembe, umepima kwa uzito, ila umeme haujui mizani, unajua nafasi. Shaba ina gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo, resini kama 1.15. Piga hesabu: shaba yako ni sentimita za ujazo 3.3 hivi, resini karibu 61. Kwa ujazo una asilimia 5 tu! Kila chembe inaogelea peke yake ndani ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.

Umeme hupita pale chembe zinapogusana na kuunga njia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa chembe za mviringo zilizotawanyika ovyo, njia hiyo huanza kupatikana kwenye asilimia 16 hivi ya ujazo. Chini ya hapo unaongeza unga na huoni mabadiliko; ukivuka, ukinzani (kile kinachozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu) unaporomoka ghafla. Kuna na kutu: unga wa shaba uliokaa wazi hujivika oksidi, hata chembe zikigusana umeme unasuasua.

Msasa:
Mimi niseme kuhusu kukatika, maana naona wengi mnaruka hapo. Chembe ngumu huongeza ukakamavu, yaani kibao hakipindi kirahisi, lakini hupunguza kiasi kinachoweza kunyooka kabla ya kukatika. Chembe kubwa isiyoshikana na resini ni ufa unaosubiri mzigo. Viputo vya hewa ni hivyo hivyo, na unga huingiza hewa nyingi wakati wa kukoroga. Toa hewa kwa pampu ya ombwe kabla ya kumimina. Halafu kitazame kibao kwa ubavu: shaba imezama chini?

Chembechembe:
Mkuu Msasa, kweli kabisa! Chini kuna tabaka jekundu, juu ni resini karibu tupu. Nimekwangua upande wa chini kwa msasa nikapima, sindano imecheza! Upande wa juu bado kimya.

FundiKalibu:
Basi umejionea mwenyewe. Huko chini shaba imesongamana ikavuka kile kizingiti cha asilimia 16. Na siku zote kwangua kabla ya kupima, resini huacha ngozi nyembamba juu inayozuia umeme.

Msasa:
Kuzama hutegemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe: chembe yenye nusu ya kipenyo huzama polepole mara 4. Ila kwa kazi yako mimi ningeiacha shaba kabisa. Kuondoa umeme tuli hakuhitaji upitishaji wa waya. Ukinzani wa omu milioni 1 unatosha. Jaribu masizi ya kaboni. Ni mepesi, hayazami haraka, na chembe zake hushikana kama mikufu, kwa hiyo njia hupatikana kwa ujazo mdogo zaidi. Kadiri unavyotia kidogo, ndivyo kibao kinavyobaki na nguvu yake. Angalizo moja: hufanya resini kuwa nzito kama uji haraka, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo, kila hatua mimina kipande cha kupima na kingine cha kuvunja.

Chembechembe:
Asanteni sana wakuu. Je, nikoroge muda mrefu ili masizi yatawanyike sawasawa?

FundiKalibu:
Koroga mpaka mabonge yaishe, kisha acha. Ukizidisha unaikata ile mikufu, na ndiyo inayobeba umeme wako.