Mulima yenye ukungu kwa langi ya mafuta: mbichi kwa mbichi ao tabaka?

katindo_tablo: Bandugu jambo. Niko nafanya tablo ya volkano Mikeno na Karisimbi vile zinaonekana asubuhi ukiwa barabara ya Rutshuru, ukungu chini, vichwa tu njo inatoka. Mara mbili nimeharibu, mulima ya nyuma inakuja mbele sawa karatasi imebandikwa. Sasa nipake yote siku moja langi ikiwa mbichi, ao ningoje ikauke nipitishe ukungu juu? Langi ni bei kali, sitaki kupoteza ingine.

pinso_kavu: Mbichi! Unapaka mbingu, unapaka mulima, halafu pinso (brashi) kavu na safi unapapasa mguu ya mulima mpaka inapotelea yenyewe. Ila usishikilie sana, itakuwa matope, mi najua juu yangu ilishakuwa.

wa_bukavu: Mi niko upande ya tabaka. Ukikosea ukungu unapangusa na kitambaa, mulima ya chini inabaki. Nyeupe ya titani, bulu kidogo, na tone ya ile langi ya mulima, pinso ngumu karibu kavu, unakokota tu. Lakini tabaka ya juu iwe na mafuta kupita ya chini, bila hiyo itapasuka. Na hapa kwetu na hii mvua nilingoja siku 9, kidole ikashika bado 😂

mzee_wa_lava: Nyinyi wote munapigana bure. Mwanangu, shida ni giza umeweka nyuma. Hewa katikati yako na mulima inatawanya mwangaza, bulu kupita zingine, kwa hiyo kivuli ya mbali njo inapauka ya kwanza. Shika telefone yako nyeusi mbele ya jicho, linganisha na kivuli ya Mikeno. Nyeusi ya kweli weka kwa mawe ya lava, pale miguuni pako.

katindo_tablo: Muzee, leo asubuhi nimefanya na telefone. Ile kivuli iko sawa majivu! Mi nilikuwa naweka karibu nyeusi. Nimekwangua mulima ya nyuma na kisu, nitairudilia mbichi, ukungu ya chini nitapitisha mulima ikishakauka. Sasa bibi analalamika harufu ya terebantini ya kuosha pinso, tuko na chumba moja.

pinso_kavu: Pinso osha na mafuta ya kupika, pangusa, halafu sabuni mpaka povu inakuwa nyeupe. Usiache hata tone, mawese ikiingia ndani ya langi haitakauka.