Naomba ushauri: nitafsirije "dive" kwenye kibao cha bwawa?

Mkalimani wa Moshi:
Shikamooni wakubwa zangu. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili kibao cha bwawa la nyumba moja ya wageni hapa Moshi. Kibao cha Kiingereza kinakataza "dive", nami niliandika "Usipige mbizi". Jumamosi iliyopita kijana mmoja alisimama ukingoni, akaunganisha viganja juu ya kichwa, akajirusha upande ambao kina chake ni mita 1 tu. Alitoka na mchubuko kwenye paji la uso, na nilipomwonyesha kibao akanijibu kwa upole kwamba hakupiga mbizi, kwa kuwa aliibuka papo hapo. Tangu siku hiyo sina amani. Tena karatasi ya wageni inatumia neno hilohilo la "dive" kwa michezo ya baharini Zanzibar.

Mtanga aliyeko Arusha:
Pole sana, ila kijana alisema kweli. Kupiga mbizi ni kwenda chini ya maji ukiwa umebana pumzi, na sisi tuliokulia Pwani huianza mbizi tukiwa tayari tumo majini, bila kuruka popote. Unachotaka kukataza ni kuchupa, lakini wengi wa huku wakisoma "chupa" watawaza ya soda, kwa hiyo andika: "Usijirushe majini kwa kutanguliza kichwa." Hata kwenye mpira Waingereza hutumia neno hilo kwa kipa na kwa mshambuliaji, ilhali sisi tunasema kipa ameruka, na mshambuliaji amejiangusha ili kumhadaa mwamuzi, kosa ambalo adhabu yake ni kadi ya njano.

Mwalimu wa kuogelea:
Naunga mkono. Anayegonga sakafu ya bwawa kwa kichwa anaweza kuvunjika shingo na kupooza mwili, kwa hiyo tarakimu ya kina iandikwe kubwa, isomeke kabla mtu hajafika ukingoni. Kwa Zanzibar andika "kuzamia kwa mtungi wa hewa". Usiandike "mtungi wa oksijeni", kwa sababu kwa kawaida mtungi huo hujazwa hewa hii tunayovuta, iliyoshindiliwa. Wala usiwaite wageni "wazamiaji" bila maelezo, maana wapo watakaodhani unawasema wanaojificha melini ili wasafiri bila kibali.

Mkalimani wa Moshi:
Asanteni sana. Fundi wa rangi anakuja kesho asubuhi. Nitamwomba afute kibao chote na kuandika kina cha maji pande zote mbili za bwawa.