Wauzaji wa samaki wa mapambo, lita 540 si ruhusa ya kutuchanganyia kila kilichopo dukani!

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa malalamiko na sitaupaka sukari.

Mtu anajichanga, ananunua tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Kwa hesabu ni lita 540. Ukishaweka mchanga, mawe na kuacha nafasi juu, maji halisi yanabaki lita 450 hivi. Kioo cha milimita 12, stendi ya chuma, mzigo mzima unapita kilo 700. Halafu jioni ileile anabebeshwa mifuko: samaki wa dhahabu 6, oska 4, neoni tetra 20, pangasi 3 waliobatizwa jina la "papa", pleko 2 "wa kusafisha vioo", na mbuna 10 wa rangirangi ili tangi lichangamke. Akiuliza anajibiwa: tangi lako kubwa, watazoeana.

Wanazoeana vipi? Neoni anaishia sentimita 3 au 4, oska anafika 30 hadi 35. Huyo neoni ni chakula, na oska hata hangoji kukomaa ndipo amle. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22, wakati wenzake wengi wanataka 25 hadi 28. Juu ya hapo anachafua maji kuliko samaki wengi wa ukubwa wake. Pangasi ni samaki wa mto Mekong, anapita mita 1. Ni mwoga, huenda kwa kundi, na akishtuka anajibamiza kwenye kioo mpaka pua inachubuka. Pleko wa kawaida anapita sentimita 40, na kinyesi chake ni kingi kuliko mwani anaoula. Aliyeuziwa kama msafishaji ndiye mchafuzi mkuu. Mbuna naye ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa, mkali, mwenye kulinda eneo lake, wa maji magumu, yaani yenye madini mengi. Umewaweka nyumba moja na samaki wa mito ya Amazon wa maji laini, halafu unashangaa mapezi yamekatika?

Kinachoniudhi hasa ni kwamba wote hao wanauzwa wakiwa na sentimita 4 au 5. Mnunuzi anaona vitoto vinavyolingana. Muuzaji anayeshinda nao kila siku anajua ukubwa wao wa mwisho, na kama hajui, basi asiuze viumbe hai, akauze maua ya plastiki. Paku na kambale mkia mwekundu nao wapo madukani, na wote hao wanataka bwawa. Lita 540 kwao ni ndoo.

Sasa maji, ambayo hakuna muuzaji anayeyauliza. Kabla ya kutaja rangi ya samaki unayemtaka, pima maji yako: pH (kiwango cha uasidi), ugumu wa jumla na ugumu wa kabonati. Vipimo vya matone, siyo kukisia kwa macho. Maji ya bomba ya Nairobi mengi ni laini. Visima vingi vya Dar karibu na bahari vina chumvi ya kawaida, na chumvi hiyo si ule ugumu wanaouhitaji samaki wa Ziwa Tanganyika, watu wanachanganya sana hapa. Halafu huku pwani kuna ugonjwa wa kupamba tangi kwa matumbawe na makombe. Yale ni chokaa. Yanapandisha pH na ugumu kila siku. Mfugaji wa mbuna yanamsaidia, mfugaji wa diskasi au neoni, samaki wa maji laini, yanamharibia. Mchanga wa ufukweni ni vilevile, umejaa vipande vya makombe. Chukua siki, dondoshea jiwe au mchanga uliokauka: ukitoa povu, una chokaa. Jaribio la dakika moja hilo, lakini sijaona duka linaloonyesha.

Klorini nayo. Maji ya bomba yaache siku 1 au 2 kwenye pipa na jiwe la hewa (lile la pampu linalotoa mapovu), au tumia thiosalfeti ya sodiamu, gramu 1 kwa lita 100 inatosha kwa klorini ya kawaida. Ukimwaga lita 160 za bomba moja kwa moja umeunguza matamvua ya samaki na umewaua bakteria wa filta.

Tunakuja kwenye kosa linaloua samaki wengi kuliko yote: kuuza tangi na samaki siku moja. Tangi jipya halina bakteria. Samaki anatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, wa pili wanaigeuza nitrati, na hao bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujenga jeshi. Usiweke samaki. Weka amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, washa filta, hita iwe nyuzi 27 au 28, hewa ya kutosha. Ukikosa amonia, kamba mmoja mbichi ndani ya soksi anafanya kazi hiyo kwa harufu mbaya zaidi. Pima kila baada ya siku 2. Siku ambayo miligramu 2 za amonia zinatoweka ndani ya saa 24 na nitriti inasoma 0, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji au zaidi kushusha nitrati, ndipo uende dukani. Ukipata sponji iliyokwishatumika kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda unapungua sana.

Na wanaouza samaki wa Tanganyika kwa mtu wa tangi la siku moja ndio wabaya zaidi, kwa sababu samaki hao wanataka pH ya juu, na amonia huzidi kuwa sumu kadiri pH inavyopanda. Kwa nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8.5 ni asilimia 15 hivi. Kipimo kilekile, mauaji tofauti kabisa. Samaki anapumulia juu asubuhi, jioni kageuka tumbo, na mwenye duka anasema "alikuwa na stresi ya safari".

Nawaita wanaojua waongeze, na wauzaji wanaosoma humu wajibu.

---

Gogogo wa Ujiji:

Mkuu umeongea. Mimi naongeza hili la aibu: Kigoma inasafirisha samaki wa mapambo mpaka Ulaya, wapenzi wa huko wanawataja kwa vijiji vyetu. Wanakuambia *Tropheus* wa Ikola, *Cyprichromis* wa Kipili, frontosa wa Kigoma mwenye mistari 7 tofauti na wa Burundi mwenye 6. Sisi wenye ziwa tunauziwa samaki waliotiwa rangi kwa sindano.

Kwa lita 540 mpango wa Tanganyika unaokaa ni huu. Juu, *Cyprichromis leptosoma* 15, madume 5 na majike 10. Funika tangi, wanaruka. Kwenye miamba, jozi 1 ya *Julidochromis ornatus* na *Altolamprologus calvus* 4 wanunuliwe wadogo, wanakua polepole mno. Chini, mchanga laini wa sentimita 5 na magamba 25 hadi 30 ya konokono, humo wanaishi *Neolamprologus multifasciatus* 8. Hao ni wadogo, hawafiki sentimita 5, wanachimba mchanga usiku na mchana. Calvus atakula vifaranga vyao vingi, mwache, bila yeye watajaa tangi. Rundo la mawe liwe upande mmoja na magamba upande mwingine. Ukivichanganya, julidokromisi atawahamisha wanaoishi kwenye magamba.

Usiongeze *Neolamprologus brichardi* hapo, hata kama mapezi yake yanakuvutia. Jozi moja ikizaa, watoto wakubwa wanasaidia kulinda wadogo, ukoo unatanuka, na wengine wote wanasukumwa kwenye kona chini ya hita. Wala usiweke frontosa pamoja na *Cyprichromis*: ziwani huko ndiyo mawindo yake. Frontosa apewe tangi lake, kundi la 8, dume 1 au 2.

Na msiuziwe *Tropheus* watatu watatu. Watatu maana yake mmoja anawaua wawili. Anza na 15 hadi 20 kwa mkupuo, wa sehemu moja. Ni wala mwani, utumbo wao ni mrefu. Chakula kiwe cha spirulina, aina ya mwani. Ukiwalisha moyo wa ng'ombe wanavimba tumbo, wanatema chakula, wanatoa kinyesi cheupe kama uzi, na ukiona hivyo umeshachelewa.

---

Mtu wa Mbamba Bay:

Ngoja niseme la Nyasa, maana beseni lililoandikwa "mbuna mchanganyiko" linanipandisha presha. Ndani yake mna chotara watupu: majike ya kijivu yasiyojulikana baba wala mama, na *Melanochromis auratus* wawili watatu wanaopendeza kwa mistari ya manjano. Auratus akikomaa dume linageuka jeusi na linageuza tangi zima kuwa lake. Kwa anayeanza, simpendekezi kabisa.

Chukua aina 3 au 4 zisizofanana rangi wala mistari, kwa sababu dume la mbuna humshambulia zaidi anayefanana naye. Mfano: *Labidochromis caeruleus* wa manjano 8, *Metriaclima estherae* 8, na *Chindongo demasoni* 15. Demasoni ni wetu, wa miamba ya Pombo upande wa Tanzania, ametajwa kisayansi mwaka 1994. Ni mdogo lakini mkali kupita kiasi kwa wenzake, ndiyo maana unamweka 12 au zaidi na wote waingie siku moja. Ukiweka 5, baada ya miezi utabaki na 1. Kwa aina nyingine, dume 1 kwa majike 3. Wapole waingie kwanza, demasoni mwisho.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini au juu ya karatasi ya plastiki, mchanga umwagwe baadaye. Ukiweka mawe juu ya mchanga, mbuna wanachimbua na rundo linashuka kwenye kioo.

Samaki 30 hivi kwenye lita 450 ni wengi, nakubali. Msongamano unagawanya ugomvi, asionewe mmoja. Lakini unalipia kwa maji: badilisha asilimia 30 hadi 40 kila wiki, bila udhuru.

---

Mama Vioo:

Ndugu zangu, kwa mwenye maji laini anayetaka samaki wa maziwa yetu: kijiko kidogo 1 cha bikaboneti ya soda, gramu 6 hivi, kwa lita 50 kinapandisha ugumu wa kabonati kwa digrii 4. Changanya kwenye maji mapya pipani. Usimwage kijiko kikavu tangini juu ya samaki.

Filta: msiamini namba ya kwenye boksi. Imepimwa bila sponji na bila kupandisha maji. Kwa tangi hili tafuta jumla ya lita 3,000 hadi 3,500 kwa saa, na ziwe filta 2, moja ikifa nyingine inabeba. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, filta ya kopo iliyofungwa inaisha oksijeni na bakteria wanaoza ndani. Ukirudi, usiiwashe hivyohivyo! Fungua, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi (siyo ya bomba), ndipo uwashe. Pampu ya hewa ya betri iwepo nyumbani kabla ya samaki.

---

Kijana wa Tangi:

Wakuu, mimi tayari nina oska 4, pleko na pangasi 2 kwenye tangi kama hilo la lita 540, maji yametimiza miezi 3. Nifanyeje?

---

Gogogo wa Ujiji:

Mdogo wangu, pangasi waondoke wiki hii, tafuta mwenye bwawa kubwa la kufugia. Oska baki na 2, pleko 1, filta uongeze, na usiweke samaki mwingine hata mmoja. Pima nitrati, ikipita miligramu 40 kwa lita, ongeza kubadilisha maji badala ya kununua dawa. Dawa yoyote utakayotumia piga hesabu kwa lita 450 halisi, siyo 540, hapo ndipo watu wanazidisha dozi.

Na nakuomba sana, usiwatupe mtoni wala ziwani. Sangara alipandwa Victoria miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi hawajaonekana tena. Ukikosa kabisa wa kumpa, mrudishie aliyekuuzia, mwekee juu ya kaunta, mwambie apokee.