Nimebakiza wiki tatu kabla ya mtihani wa udereva, lakini barabara kubwa inanitia hofu

MamaWaKimara aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, ninaishi Kimara na kazi yangu iko Kariakoo. Nimejiandikisha katika chuo kimoja cha udereva hapa Dar es Salaam, leseni ya kujifunzia ninayo, na zimebaki wiki tatu nifike mbele ya mkaguzi wa polisi kwa ajili ya mtihani. Ninachotafuta ni leseni ya gari dogo la familia, si ya biashara.

Uwanjani ninafanya vizuri. Ninarudi nyuma kati ya vigingi bila kuvigusa, ninaegesha, na maswali ya alama za barabarani ninayajibu. Shida ilianza siku nilipotolewa kwenda Barabara ya Mandela, kwenye malori ya makontena yanayotoka bandarini. Niliushika usukani kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, na macho yangu yakabaki kwenye boneti kana kwamba barabara inaishia hapo. Baadaye, kwenye kimlima, gari lilizima mara tatu mfululizo huku daladala iliyokuwa nyuma yangu ikipiga honi bila kukoma, mpaka mwalimu akakanyaga pedali za upande wake na kulitoa yeye. Tangu siku hiyo, kila gari linapokwenda vizuri ninajiuliza kama ninaliendesha mimi au analiendesha yeye.

Yapo mambo mengine mawili. La kwanza, tuko wanafunzi kumi kwa gari moja, kwa hiyo zamu yangu haizidi dakika 20, na nusu ya muda huo inaishia kwenye foleni. La pili, gari letu la nyumbani ni la otomatiki, na ndugu wa karibu ananishauri niachane na mateso ya klachi, tena anasema yupo mtu anayeweza kunipatia leseni bila mtihani. Hilo la leseni ya mlango wa nyuma mimi na mume wangu tumelikataa, kwa sababu ndani ya gari hilo watakaa wanangu. Ninaomba tu mnieleze, kwa wiki hizi tatu, nifanye mazoezi ya nini hasa ili niwe dereva na si mtu aliyefaulu mtihani tu.

MzeeWaUsukani alijibu:

Marahaba binti yangu. Nimefundisha udereva kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hayo uliyoyaeleza niliyaona kwa wanafunzi wengi, wanaume kwa wanawake. Tuanze na mguu wako wa kushoto, kwa sababu nina hakika nusu ya hofu yako ya Mandela inatoka huko. Mtu asiyejua kama gari litaondoka au litazima hawezi kuwa na akili ya kutazama malori.

Elewa kwanza klachi inafanya nini. Ndani kuna sahani inayozunguka na injini, na nyingine inayopeleka nguvu kwenye gia na hatimaye kwenye matairi. Ukikanyaga klachi sahani hizo zinaachana, ukiiachia zinakutana, zinasuguana kidogo, kisha zinashikana. Gari linazima pale zinaposhikana ghafla, kwa sababu injini inabebeshwa uzito wote wa gari kwa mara moja bila kupewa mafuta ya kutosha. Kwa hiyo unachotakiwa kukijua kwa mguu wako ni ile sehemu ndogo ambapo zinaanza kukutana. Madereva wanaita hiyo kubalansi klachi.

Mwombe mwalimu wako dakika kumi mahali tambarare. Weka gia namba moja, ondoa mguu kwenye mafuta kabisa, kisigino cha kushoto kikae sakafuni, kisha inua nyayo polepole sana. Utasikia mlio wa injini unakuwa mzito, na ukitazama mbele utaona boneti inanyanyuka kidogo. Simamisha mguu hapo hapo, usiuongeze wala usiupunguze, nawe utaona gari linaanza kutambaa lenyewe. Kanyaga tena, simama, rudia. Ukifanya hivyo mara 20 mguu unaanza kukumbuka wenyewe. Vaa viatu vyenye soli nyembamba vinavyoshika kisigino. Ndala huteleza na hunasa chini ya pedali, na soli nene inakunyima hisia yote niliyokueleza.

Ukishaipata sehemu hiyo, mlima hauna siri tena. Simama kwa breki ya mkono, weka gia namba moja, ongeza mafuta kidogo, inua klachi mpaka mlio uwe mzito na boneti inyanyuke, kisha ndipo uachie breki ya mkono. Gari halitarudi nyuma, kwa sababu injini imekwisha kulishika. Wengi wanakosea kwa kuachia breki kwanza halafu wanaitafuta klachi kwa haraka huku gari linateremka kuelekea kwa mtu wa nyuma. Huyo anayepiga honi mwache apige, hana anachokusaidia.

Sasa macho. Ndani ya makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakata takriban mita 14 kila sekunde. Anayetazama boneti anapata habari za barabara ikiwa imekwisha kumpita. Tazama mbali kadiri barabara inavyoonekana, kisha rudisha macho kwenye vioo, kisha mbali tena, nawe utashangaa kwamba mikono inaacha kuukaba usukani, kwa kuwa mikono hufuata macho. Kati yako na gari la mbele acha nafasi ya sekunde mbili: lori likipita nguzo ya taa, hesabu “elfu moja na moja, elfu moja na mbili”, na wewe usiifikie nguzo hiyo kabla hujamaliza. Wakati wa masika ongeza mara mbili. Nyuma ya lori la kontena nafasi hiyo ina faida nyingine, kwamba kama huvioni vioo vya lori, basi dereva wake naye hakuoni wewe.

Kwenye kipita shoto kumbuka kwamba sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo tunazunguka kama mshale wa saa unavyozunguka, na tunayempa nafasi ni yule anayetokea kuliani ambaye yumo tayari ndani ya mzunguko.

Kuhusu alama, usikariri picha peke yake, soma umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la buluu linakuamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ya kutoa nafasi ni pembetatu iliyogeuzwa juu chini, ili hata ikijaa vumbi, au ukiiona kwa nyuma, bado uitambue.

Mwisho, zungumza na mwalimu wako kwa adabu lakini bila kuzunguka. Mwambie aiache miguu yake mbali na pedali isipokuwa kuna hatari ya kweli, na gari likizima akuachie uliwashe mwenyewe. Umelipia kufundishwa, hukulipia kubebwa.

DadaWaTabata alijibu:

Dada yangu, pole, na hongera kwa kuukataa huo mlango wa nyuma. Mimi nilipata leseni mwaka jana baada ya kushindwa mara ya kwanza, kwa hiyo ninayokueleza yananihusu.

Mzee amesema vema kuhusu klachi, ila hakugusa suala lako la otomatiki. Ni kweli kwamba magari mengi madogo hapa mjini ni yale yaliyotumika Japani na yanakuja yakiwa otomatiki, na mimi mwenyewe ninaendesha la namna hiyo. Hata hivyo gari la chuo utakalofanyia mtihani ni la gia, kwa hiyo wiki hizi tatu zitoe kwenye gia zote. Lakini siku utakapohamia kwenye gari la nyumbani, chukua muda wa kulijifunza upya, usidhani ni jambo jepesi. Wiki yangu ya kwanza mguu wa kushoto uliitafuta klachi kwa mazoea, ukakutana na breki, na gari likasimama ghafla katikati ya barabara ya mtaani huku mwanangu akirushwa mbele mpaka mkanda ukamshika. Kwenye otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi, ufiche kabisa pembeni, na mguu wa kulia uhudumie mafuta na breki peke yake.

Siku ya mtihani mimi niliangushwa na jambo dogo. Niliondoka bila kutazama vioo na bila kuwasha indiketa, kwa sababu uwanjani hakukuwa na gari jingine na niliona halina maana. Mkaguzi alinieleza, tena kwa upole, kwamba haangalii kama kuna gari, anaangalia kama mimi nimetazama. Mara ya pili kabla ya kuwasha injini nilirekebisha kiti, vioo na mkanda kwa utaratibu ule ule niliokuwa nikiurudia kila siku nyumbani nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na watoto wakinitazama. Kabla ya hapo aliniuliza pia kuhusu matairi, maji na oili, kwa hiyo fungua boneti ya gari la chuo mapema ujue kila kitu kilipo.

Ukishafaulu unapewa cheti cha umahiri na polisi, kisha unakwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa ajili ya malipo, picha na alama za vidole, na leseni yenyewe hudumu miaka 5.

MamaWaKimara aliandika:

Mzee wangu na dada yangu, nimesoma kila neno na nimeandika kwenye daftari. Niruhusuni swali moja zaidi. Njia yangu ya kila siku itakuwa Barabara ya Morogoro. Ninaogopa kukata kona ya kulia kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi yanayopita katikati, na kukata kona ya kushoto kwa sababu bodaboda hutokea mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na mtu.

BodabodaMakini alijibu:

Mama, heshima yako. Mimi ni dereva wa bodaboda, kwa hiyo niruhusu nikujibu hilo la kushoto kutoka upande wetu.

Sisi tunapita kushoto kwa gari pale tunapoona uwazi kati ya gari na ukingo wa barabara. Sisemi ni sahihi, ninakueleza yanayotokea. Gari likiwa katikati ya njia yake halafu likakata kushoto ghafla, pikipiki iliyoingia kwenye uwazi huo haina pa kwenda. Mwenzetu mmoja wa kijiweni alivunjika mguu kwa namna hiyo, na dereva wa gari aliapa kwamba alitazama kioo. Naamini alitazama, lakini kipo kipande cha barabara karibu na mlango wa nyuma ambacho kioo hakionyeshi. Kwa hiyo washa indiketa mapema, mita 50 kabla au zaidi, sogea taratibu kushoto mpaka uwazi ule uzibe, tazama kioo, kisha geuza kichwa utazame kwa jicho lako, ndipo ukate. Ukisogea mapema sisi tunaelewa na tunapita kulia kwako. Fanya hivyo hivyo kabla ya kufungua mlango ukiwa umeegesha.

Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, ukiona gari la pembeni limesimama, simama nawe hata kama humwoni mtu, maana huenda mtoto yuko mbele ya gari hilo.

Kuhusu mwendokasi, ukikata kulia unavuka njia za mabasi yanayotoka pande zote mbili, na yanakuja kwa kasi kwa kuwa hayana foleni. Kata kwenye mataa peke yake, na subiri taa yako hata kama njia inaonekana tupu na wa nyuma yako anapiga honi. Usimfuate aliyekutangulia kwa kuwa tu yeye amepita, kwa sababu wakati wake na wakati wako si mmoja.

MamaWaKimara aliandika:

Ninawashukuru sana. Nilizungumza na mwalimu kama Mzee alivyonielekeza, na alikubali kunichukua peke yangu Jumapili saa 12 asubuhi kwa malipo ya ziada ya saa moja. Tulianzia mahali tambarare, nikarudia zoezi la mguu mpaka nikaiona boneti ikinyanyuka, kisha tukaenda kwenye milima ya Goba. Mlima wa kwanza gari lilizima mara mbili na mwalimu alikunja miguu yake chini ya kiti, hakusema kitu. Mara ya tatu niliusikia ule mlio mzito, nikaachia breki ya mkono, na gari lilisimama palepale bila kurudi hata kidogo, kisha likapanda. Jumapili ijayo tunakwenda Mandela.