Wakuu, 400 ya ngapi inatosha kukimbia maili kwa 4:30?

PunziNdefu
Wakuu habari za wakati huu. Mimi ni mtu wa mbio ndefu, umri miaka 29. Kilomita 10 nakimbia 32:50, kilomita 5 ni 15:48. Maili nimewahi kukimbia mara moja tu, nikapata 4:41. Nataka 4:30.

Tatizo langu ni spidi. Juzi nimejipima uwanjani: mita 200 sekunde 31.8, mita 400 sekunde 65. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Swali langu: mtu wa 4:30 anatakiwa awe na 400 ya ngapi? Na spidi inajengeka, au mtu anazaliwa nayo? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Mpita_Kona
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

HesabuTupu
Maili ni mita 1609.34, yaani raundi 4 na vimita 9 vya ziada. Kwa 4:30 unatakiwa kupita kila raundi kwa 67.1. Kama 400 yako ukitoa roho ni 65, unabakiwa na akiba ya sekunde 2. Hiyo si maili tena, ni 400 nne zilizoshonwa pamoja.

Mimi 400 yangu ni 57 na maili 4:31. Wenzangu ninaokimbia nao kwenye muda huo wako kati ya 55 na 60. Si sheria, ndivyo nilivyowaona. Kinachoangaliwa ni pengo kati ya spidi yako ya juu na mwendo wa mbio yenyewe. Pengo likiwa kubwa, 67 unaisikia kama mwendo wa kawaida. Likiwa dogo, raundi ya pili tu mabega yameshapanda masikioni.

Mzee_Raundi4
Vijana wa siku hizi spidi, spidi, spidi. Nendeni mkasome habari za Peter Snell. Mwaka 1962 aliweka rekodi ya dunia ya maili, 3:54.4, na ndani ya wiki moja akaweka ya mita 800, 1:44.3. Kocha wake Arthur Lydiard alikuwa anawakimbiza maili 100 kwa wiki wakijenga pumzi. Mtu wa 800 anakimbizwa kama wa marathoni! Zaidi ya robo tatu ya nguvu ya maili inatoka kwenye hewa unayovuta, siyo kwenye misuli ya kufyatukia.

Mimi enzi zangu nilikuwa naongoza maili mpaka kona ya mwisho, nikageuka nyuma kuona nani anakuja. Nilipomwona, ndipo akanipita. Mpaka leo shingo hiyo naichukia.

Utani_Mtupu
Faith Kipyegon, yule dada wa Kenya, mwaka 2023 pale Monaco alikimbia maili kwa 4:07.64. Mkuu hata ukiipata hiyo 4:30 yako angekuacha zaidi ya mita 130. Usikose usingizi, lala tu.

PunziNdefu
@Mzee_Raundi4 shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, ila pumzi ninayo, ndiyo maana nikajiita hivyo. Ninachokosa ni miguu.

Mzee_Raundi4
Marahaba mwanangu. Miguu unayo, huna subira.

Dada_Saa
Mbona Jumamosi? Spidi haijengeki kwa siku 4. Kuna nini Jumamosi?

PunziNdefu
Dada yangu, hilo si la muhimu sana.

Dada_Saa
Basi nasi hatuna la muhimu la kukujibu.

PunziNdefu
Haya. Kuna kundi la watu wa mita 100 na 200, nimekuwa nikifanya nao mazoezi. Jumamosi kocha wao anataka jibu, niingie moja kwa moja au nitoke. Nikiingia ni siku 4 kwa wiki. Mbio ndefu za Jumapili nimeshaziacha, wiki ya 3 sasa. Najua mtanisema, lakini nimefikiria sana. Huwezi kuwa na spidi huku unakimbia kilomita 25 kila Jumapili.

Na msinione mzembe, moyo wa kumalizia ninao. Kwenye ile 4:41 raundi ya mwisho niliipiga kwa 64, watu wakasimama.

Baba_Mapacha
Mimi niliacha mbio ndefu nikahamia fupi. Nikapoteza zote mbili, nikapata kitambi. Ni hayo tu.

HesabuTupu
Ngoja kwanza. Narudia kusoma.

400 yako, ukiwa na miguu mibichi, umejipima mwenyewe: 65. Halafu raundi ya mwisho ya maili, baada ya mita 1200 za kuteseka: 64. Mkuu, umechoka unakimbia kasi kuliko ukiwa umepumzika?

Hii chai.

Utani_Mtupu
Na ni ya rangi. 😂

Mpita_Kona
Nilijua tu. Jina PunziNdefu, maneno marefu, miguu mifupi. Uzi ufungwe.

KiatuChekundu
Msimhukumu haraka. Saa za mkononi zinazotumia setilaiti zinadanganya sana uwanjani, hasa kwenye kona. Yangu iliwahi kunipa 400 ya 49. Nilifurahi siku nzima.

PunziNdefu
Raundi ya mwisho ilipimwa na watu 2 kwa saa za mkono. Sijadanganya. Kama hamtaki kusaidia semeni.

HesabuTupu
Basi tukubali kuwa 64 ni ya kweli. Toa 64 kwenye 4:41, inabaki 3:37 kwa mita 1209. Maana yake raundi 3 za mwanzo ulikuwa unatembelea kwenye 72. Mtu wa hivyo hana shida ya spidi hata kidogo! Alikuwa anaogopa. Angepita kwa 68 au 69 mapema tungekuwa tunaongea mengine. Kwa hiyo ama 64 ni ya uongo, ama 65 ndiyo ya uongo. Chagua.

Dada_Saa
Au zote ni za kweli na kuna kitu kimetokea katikati. PunziNdefu, mguu upi?

Mpita_Kona
Kimya cha saa 5 sasa. Ameenda kutafuta mguu.

PunziNdefu
Wa kushoto.

Nyama za nyuma ya paja. Siku ya pili na lile kundi, wiki 3 zilizopita. Tulikuwa tunafyatuka mita 60, nilipofika kama 40 nikasikia *tap*, kama kijiti kimevunjika ndani ya nguo. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Sikumwambia mtu. Nikapumzika siku 6 nikarudi. Hizo 200 na 400 ndiyo nilijipima baada ya hapo.

Lakini siyo kama mnavyofikiria. Haijavimba, na nikishapasha moto kwa dakika 20 siisikii kabisa.

Dada_Saa
Asante kwa kusema. Sasa nisikilize kama dada yako, maana mimi nilichanika hapohapo mara 2, na ya pili ndiyo iliyonila msimu mzima. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama yako. Nami nilisema "nikipasha moto siisikii".

Ule msuli unabeba mzigo mkubwa zaidi pale mguu unapotupwa mbele, kabla kidogo haujagusa chini. Kadiri spidi inavyopanda, mzigo unapanda. Ndiyo maana unaweza kukimbia kilomita 10 polepole bila kusikia kitu, halafu mita 60 zikakumaliza. Wewe umetoka mwendo wa kilomita 25 ukaingia moja kwa moja kwenye kufyatuka. Msuli haukupewa hata salamu.

Nenda kwa mtaalamu wa viungo akuguse kwa mkono, siyo sisi huku kwenye simu.

PunziNdefu
Nitaenda baada ya Jumamosi. Nikikataa sasa kocha atasema mtu wa mbio ndefu hana roho. Na Sebastian Coe, yule Mwingereza, je? 1981 aliweka 1:41.73 kwenye 800 na 3:47.33 kwenye maili mwaka huohuo. Bila spidi angefika wapi?

HesabuTupu
Coe alikuwa na paja zima, mkuu.

Nakuomba radhi kwa ile chai. Ila jibu la swali lako umeshalitoa mwenyewe: 64 mwishoni mwa maili maana yake 400 yako halisi iko chini ya 60. Kwa 4:30 inatosha. Ukipona, ongeza spidi kwa kijiko: mlima mfupi, sekunde 8 mpaka 10, mara 4 mwanzoni, unarudi unatembea mpaka pumzi itulie kabisa. Mlimani huwezi kufikia ile kasi ya kuchana paja. Tambarare baadaye. Na Jumapili rudisha mbio yako ndefu.

Mzee_Raundi4
Nilisema subira.

Utani_Mtupu
Mzee umesubiri uzi mzima kuja kusema hivyo.

Dada_Saa
PunziNdefu, hapo ulipo kuna ngazi? Panda 10 kwa mguu wa kulia, kwa kurukaruka. Halafu 10 kwa wa kushoto. Rudi useme ukweli.

PunziNdefu
Kulia 10.

Kushoto 3. Ya nne nimeshika ukuta.

Dada_Saa
Haya. Jumamosi?

PunziNdefu
Nitaenda kuwaangalia tu.

Dada_Saa
Viatu vya mazoezi viache nyumbani.

PunziNdefu
Dada yangu jamani, hata vya kubeba mkononi?